Simama, Tua, Koma: Kiswahili cha Mpakani Nilivyokijua

Nyumbani kwetu Tororo Kiswahili kililetwa na ndoa. Baba alikuwa Mjapadhola, mfanyakazi wa reli. Mama alikuwa Msamia kutoka Busia, upande wa Kenya, na kazi yake ilikuwa kuuza samaki. Lugha ya baba ni ndugu wa Kijaluo, ya mama ni ya Kibantu, na kila mmoja aliijua ya mwenzake kwa kusalimia tu. Maneno mazito, yaani ya ada za shule, ya ugonjwa na ya ugomvi, yalisemwa kwa Kiswahili. Sisi watoto tuliiokota lugha hiyo jikoni kabla hatujaisikia barabarani. Nalitanguliza hili kwa sababu Waganda wengi wa rika langu walikipokea Kiswahili kwa njia nyingine kabisa, na kwa wengi wao neno la kwanza kulijua lilikuwa simama.

Neno lenyewe halina kosa. Ni neno pana. Aliyeketi akiambiwa asimame huinuka. Anayetembea akiambiwa asimame hukata mwendo. Mmoja ameanza kusogea, mwingine ameacha kusogea, na wote wawili wametii amri ileile. Watu wa Buganda wana yimirira, Wajaluo wana chung', na maneno hayo yana tabia hiyohiyo, kwa hiyo watu wa kwetu hawakupata taabu nalo. Kiswahili kimelivuta mbali zaidi: bei husimama, biashara husimama, mtu husimamia mirathi ya nduguye, mwenye msimamo huheshimiwa, na aliyesimamishwa kazi hurudi nyumbani akitafuta namna ya kumwambia mkewe.

Baba alilitumia kwa uangalifu kuliko mtu yeyote niliyepata kumsikia, na sababu ilikuwa reli. Tororo ni mji wa reli. Njia itokayo Mombasa huingia Uganda pale Malaba, hufika Tororo, na hapo hugawanyika: tawi moja huelekea magharibi hadi Jinja na Kampala, ambako reli ilifika mwaka 1931, na jingine hupanda kaskazini kwa njia ya Mbale na Soroti. Juu ya mji umesimama ule mwamba ambao msafiri huuona kabla hajauona mji wenyewe, na kando ya mji kuna kiwanda cha saruji kilichojengwa miaka ya 1950. Reli na saruji zilivuta watu wa makabila mengi, wa Uganda na wa Kenya, nao walihitaji lugha ya kuelewana zamu ya usiku. Wakati huo shirika la reli lilikuwa moja kwa nchi tatu, na baba alifanya kazi na watu waliozaliwa Tanga, Voi na Nakuru bila kuona ajabu.

Kwa watu wa reli, garimoshi lilisimama stesheni kwa sababu ratiba ilitaka hivyo. Behewa lililokatwa kwenye msafara na kuwekwa pembeni lilikuwa limelala. Injini iliyoshindwa mlimani ilikuwa imekataa, na iliyoharibika kabisa imekufa. Tulipochanganya maneno hayo baba alitusahihisha papo hapo, kwa sababu kazini kwake mtu aliyesema "limesimama" badala ya "limekwama" aliweza kuwafanya wenzake wasubiri usiku kucha bila kutuma msaada. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na shirika lile la pamoja likavunjika nalo, majirani walimwambia, "Pole, mzee, tumesikia kazi imesimama." Akajibu, "Haikusimama. Imekatika." Nilimwuliza tofauti, akasema kilichosimama huweza kuondoka tena. Wenzake waliotoka Kenya walifunga mizigo wakaenda. Mmoja wao alituachia kabati, na lile kabati lilibaki kwetu miaka mingi likiitwa kwa jina lake.

Maneno ya mama yalikuwa mengine. Alinunua omena waliotoka ziwani kwa njia ya Sio Port, akawapitisha Busia, akawaleta Tororo, ambako samaki walewale huitwa mukene. Akirudi alibeba maharagwe, na miaka ilipokuwa mizuri, ndizi. Wakati wa likizo nilifuatana naye. Wanawake wa biashara ile walibeba kichwani, na mzigo mkubwa huwezi kuushusha peke yako bila kuumwaga. Unapofika sokoni humwita aliye karibu: "Dada, nitue." Hakuna aliyekataa. Hata mwanamke anayeuza kitu kilekile unachouza, anayekugombania wateja tangu asubuhi, ataacha alichokishika, aje ashike upande mmoja wa gunia mpaka likae chini. Kisha atarudi mahali pake na mtaendelea kushindana. Wakati wa kuondoka ombi ni lile la kutwishana, na jibu ni lile lile.

Nimeishi na neno hilo tangu wakati ule. Kutua ni kusimama kwa mtu mwenye mzigo, na kunahitaji mtu wa pili. Kutokana nalo tumepata kituo: mahali ambapo msafiri huweka chini alichobeba. Watu wa Busia walilijua hilo kwa shingo zao.

Koma lilikuwa la nyumbani. Mama alilisema mara moja tu, kwa sauti ya chini, kwa mtoto aliyemjibu shangazi vibaya, na hapakuwa na mara ya pili. Wacha lilikuwa la kila mtu. Watu wa pwani waliokuja na reli walisema acha; sisi wa bara tuliliongezea herufi na kulipa kazi nyingi: wacha hiyo sufuria, wacha nikwambie, wachana naye. Na ukimsimulia mtu wa Busia jambo la kushangaza, atapiga makofi na kusema "Wacha!" naye ana maana kwamba uendelee, usiache hata kidogo. Mgeni aliyefundishwa Kiswahili kitabuni alinyamaza aliposikia hivyo, na watu wakamwomba amalizie hadithi yake.

Mpaka nao tuliusemea kwa kitenzi chake. Wazee walisema Kenya inakomea pale mtoni, wakionyesha Sio au Malaba. Nyanya yangu mzaa mama alizaliwa upande mmoja na kulima upande mwingine. Mwaka 1902 Waingereza walichukua eneo la mashariki ya Uganda wakaliunganisha na nchi iliyokuja kuitwa Kenya, na Wasamia na Wateso wakajikuta wamekatwa katikati bila kuhama. Nyanya hakukubali kamwe kwamba amevuka nchi anapokwenda kupalilia. Alisema nchi za serikali zinakoma mtoni, lakini ukoo haujakoma.

Sasa nifike kwenye kizuizi cha barabarani, kwa kuwa ndicho kilichoharibu sifa ya lugha hii katika Uganda.

Jeshi la Uganda lilirithi Kiswahili kutoka King's African Rifles ya wakoloni, ambamo askari wa makabila mengi waliamrishwa kwa lugha moja. Shuleni hakikupata nafasi kama hiyo. Miaka ya 1920 Gavana William Gowers alitaka kifundishwe kote, na Buganda ikapinga. Kwa hiyo Idi Amin alipotwaa serikali mwaka 1971, na alipotangaza mwaka 1973 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, raia wengi hawakuwa na mwalimu wala kitabu. Walikuwa na askari aliyesimama kando ya gogo lililolazwa barabarani.

Kiswahili cha kizuizini kilikuwa amri tupu. "Simama! Kuja hapa! Fungua! Iko nini ndani?" Hakuna tafadhali, hakuna kidogo, hakuna mama wala mzee. Na ule upana wa neno simama, ambao kwa wengine ni utajiri, pale ulikuwa hatari. Askari anapiga kelele "simama" kwa gari lililojaa watu. Dereva anaelewa kwamba akanyage breki. Mzee aliyeketi nyuma, asiyejua Kiswahili zaidi ya hapo, anaelewa kwamba ainuke. Anainuka, na askari anaona mtu anayetaka kukimbia. Nimeona mzee akipigwa kitako cha bunduki kwa kutii. Sitamsahau, wala sitakubali mtu aniambie kwamba lile lilikuwa jambo dogo la msamiati.

Mama alikuwa na mbinu yake. Aliposikia amri alishuka polepole, akajibu kwa sentensi nzima: "Nimesimama, afande. Habari za kazi? Naomba nitue mzigo kwanza." Aliingiza salamu mahali ambapo haikutakiwa, kisha akangoja. Askari mwingine alimtazama tu na kuchota samaki kadiri alivyopenda. Lakini mwingine, kwa mazoea aliyofundishwa na mamake huko alikotoka, alijibu "Nzuri, mama" kabla hajajizuia, na baada ya hapo hakuweza tena kupiga kelele. Mama aliamini kwamba askari akishajibu salamu amerudi kuwa mtoto wa mtu. Sisi wanawe tulifundishwa mbinu hiyo kama wengine wanavyofundishwa kuogelea.

Miaka hiyo chumvi, sukari na sabuni zilikuwa adimu Uganda, na biashara ya mpakani ikawa magendo, hata iwe gunia moja la omena. Mwaka 1975 barafu iliharibu mibuni ya Brazil, bei ya kahawa ikapanda duniani kote, na 1976 na 1977 kahawa ya Uganda ilimiminika Kenya usiku kwa njia za panya. Soko la Chepkube, kaskazini ya kwetu karibu na Mlima Elgon, likapata jina kwa utajiri huo. Mwanzoni mwa 1976 Amin alidai kwamba sehemu ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda. Katikati ya mwaka huo uhusiano ukaharibika kabisa na mafuta ya kwenda Uganda yakazuiwa. Malori yakajipanga Malaba, na madereva wakasema wamelala. "Umelala siku ngapi?" ndiyo iliyokuwa salamu.

Busia ilipata njia zake za kuendelea. Kati ya kituo cha forodha cha nchi moja na cha nchi nyingine palikuwa na kipande cha barabara ambacho magari ya abiria hayakukivuka, na msafiri mwenye mizigo alikitembea chini ya jua. Vijana wenye baiskeli wakaweka mto nyuma ya kiti na kuita wateja: boda, boda, kutoka mpaka hadi mpaka. Jina hilo leo linatumika Afrika Mashariki yote kwa pikipiki, na wengi hawajui kwamba lilizaliwa mpakani kwetu. Ukitaka kushuka ulimgusa mgongo, ukasema "Niweke hapa." Hakuna aliyemwambia kijana wa boda asimame, kwa sababu ilionekana ni kumtendea kama wale wa kizuizini.

Palikuwa pia na watu wenye ulemavu wa miguu waliovusha bidhaa kwa baiskeli zao za magurudumu matatu, na wapo hadi leo, wengi wao wakisomesha watoto kwa kazi hiyo. Maofisa waliwapekua kidogo kuliko wengine, kwa hiyo wafanyabiashara waliwatafuta. Nakumbuka ofisa mmoja akimwamrisha mmoja wao "Simama!" na yule bwana akajibu kwa utulivu, "Mimi sisimami, bwana. Sema ningoje, nitangoja." Ofisa akasema, "Basi, ngoja." Akangoja. Watu wote waliokuwepo walisikia, na kwa muda fulani maofisa wa pale walisema ngoja.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na baadaye mwezi huo askari wa Tanzania, pamoja na Waganda waliorudi kutoka uhamishoni, wakafika upande wetu wa mashariki. Watu waliwaita wakombozi. Tuliwaendea kwa woga, kwa sababu tulisikia kwamba nao wanasema Kiswahili, na Kiswahili mdomoni mwa mwenye bunduki tulikijua. Barabarani walikuwa wameweka kizuizi chao. Kijana mwenye sare akainua mkono, akasema, "Shikamoo, mama. Simama kidogo tafadhali, tunaomba kuangalia mzigo." Mama alibaki kimya. Salamu ile alikuwa ameisikia kwa watu wa reli kutoka pwani, lakini hakuna aliyewahi kumpa barabarani. Mwishowe akajibu "Marahaba," na yule kijana akamsaidia kutua.

Njia nzima ya kurudi mama hakuzungumza habari za vita wala za Amin. Alirudia neno "kidogo". Simama kidogo: maana yake utaondoka. Mwaka ule nilikuwa nimeanza kupevuka akili, na naamini ndipo nilipoelewa kwamba lugha tuliyosema jikoni na lugha ya barabarani ni moja, na kwamba waliotuumiza walikuwa wamechagua kuiacha nusu yake.

Furaha haikudumu. Miaka ya kwanza ya 1980, katika utawala wa pili wa Rais Obote, misako ya kijeshi mjini Kampala ilipewa na wananchi jina la panda gari, kutokana na amri iliyotolewa kwa waliokamatwa. Maneno mawili ya Kiswahili yakawa nomino ya hofu, na hadi leo watu wazima wa Kampala wakisema "wakati wa panda gari" hawahitaji kueleza zaidi. Mtoto aliyekua katika kumbukumbu hizo akikataa kusoma Kiswahili, simlaumu hata chembe.

Desemba 1987 askari wa Kenya na wa Uganda walipigana risasi Busia, na mpaka ukafungwa. Nilikuwa kwa mjomba, upande wa Kenya, na mama alikuwa Tororo. Redio ilisema habari za kusitisha mapigano. Mjomba alisema dunia imesimama. Mwishoni mwa mwezi huo Rais Moi na Rais Museveni walikutana Malaba, na njia ikafunguliwa. Wanawake wa samaki walivuka mara tu waliporuhusiwa, wengine wakiwa na mizigo iliyoanza kunuka, na walipokutana katikati hawakuulizana siasa. Walitwishana na kutuana.

Yaliyofuata yanajulikana. Busia ya Uganda ilikatwa kutoka Wilaya ya Tororo mwaka 1997 na kuwa wilaya. Jumuiya ilizaliwa upya kwa mkataba wa 1999. Tarehe 24 Februari 2018 Rais Kenyatta na Rais Museveni walizindua huko Busia kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo msafiri hukaguliwa mahali pamoja badala ya kusimamishwa mara mbili. Ni kazi nzuri na nimeitumia. Mwaka 2020, wakati wa Korona, malori yalijipanga tena makumi ya kilomita yakingojea majibu ya vipimo, na nilisikia vijana ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1976 wakiulizana, "Umelala siku ngapi?"

Sheria nayo imebadilika. Mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha hatua ya kuyatekeleza, pamoja na kukifundisha Kiswahili shuleni kwa lazima. Naunga mkono kwa moyo wote. Lakini nimeona daftari la mjukuu wa dada yangu, darasa la nne, na ukurasa wake wa kwanza una safu ya amri: simama, keti, njoo, nenda, nyamaza. Najua mwalimu wake hana nia mbaya. Hivyo ndivyo lugha nyingi zinavyoanzwa. Uganda si mahali pa kuanza hivyo. Katika nyumba nyingi mtoto akisoma safu ile kwa sauti, kuna babu au nyanya chumba cha pili anayeacha kula.

Mwalimu unayeshika chaki Tororo, Mbale, Gulu au Masaka, nakuomba amri uziweke hadi muhula wa pili. Anza na salamu na jibu lake, kisha nitue na nitwike, niweke hapa, ngoja kidogo, naomba. Wanawake waliouza samaki Busia miaka ile bado wapo, ingawa wanapungua kila mwaka, na wengi wao wanaweza kufika darasani kwa nauli ya boda. Waalike wazungumze na watoto, na uweke kinasa sauti mezani wanapozungumza.